Zimwi Likujualo: Viumbe vya Kutisha vya Msimu wa Sikukuu katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumliwaza mtu anayelazimika kuchagua kati ya hasimu wa karibu na hasimu wa mbali. Hata hivyo, ikisomwa kwa maana yake ya wazi, methali hiyo inabeba dai zito kuhusu asili ya hofu: kwamba vitisho vina madaraja, na kwamba kinachotofautisha daraja moja na jingine ni ujuzi. Zimwi linalomjua mtu kwa jina na kwa ukoo wake lina mpaka katika ulaji wake. Zimwi lisilomjua halina mpaka.

Makala haya yanakusudia kulipima dai hilo kwa kutumia historia ya Kolwezi na eneo la machimbo ya shaba la Lualaba, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mada inayohusika imeandikwa sana kuhusu Ulaya, ambako siku za giza na baridi zinazotangulia Krismasi zina viumbe wake wa kutisha: Krampus mwenye pembe katika milima ya Alpi, Knecht Ruprecht wa Ujerumani, Père Fouettard wa Ufaransa na Ubelgiji, na Zwarte Piet wa Uholanzi na Flandria. Wote hao huonekana mwanzoni mwa Desemba, na kwa kawaida hutembea na Mtakatifu Nikolasi, ambaye sikukuu yake ni tarehe 6 ya mwezi huo. Swali lililopo ni hili: watu wa Lualaba, waliotawaliwa na Wabelgiji hadi mwaka 1960, waliviona vipi viumbe vya aina hiyo, na walikuwa na vyao vipi?

Jambo la kwanza la kuzingatia ni majira yenyewe. Kolwezi iko kusini mwa Ikweta, katika uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Huko Desemba ni mwezi wa mvua, majani mabichi na matope. Baridi huja katikati ya kiangazi, mwezi wa Juni na Julai, wakati usiku watu huota moto na asubuhi ukungu hutanda mabondeni. Kwa hiyo anayeuliza juu ya viumbe vya kutisha vya msimu wa baridi atapata majibu mawili katika nchi hii moja. Jibu la kwanza ni makishi, vinyago vya jando vinavyotoka wakati wa kiangazi. La pili ni wageni wa Desemba waliokuja na Wabelgiji. Kati ya hao wawili kilizuka kiumbe cha tatu kisichokuwa na msimu wala sikukuu, nacho ni mutumbula.

Makishi wa kiangazi

Magharibi ya Kolwezi, kuelekea Dilolo na mpaka wa Angola, na kusini kuelekea Zambia, wanaishi Wachokwe, Walunda, Waluvale na Wandembu. Jamii hizi zina taasisi ya jando iitwayo mukanda. Wavulana, kwa kawaida wa umri wa kati ya miaka 8 na 12, huondolewa nyumbani mwanzoni mwa kiangazi na kupelekwa kwenye kumbi iliyojengwa porini. Huko hutahiriwa, hufundishwa, na hukaa hadi majeraha yapone na mafunzo yakamilike. Zamani muda huo ulikuwa wa miezi mingi. Siku hizi umepungua na mara nyingi hauzidi miezi mitatu. Uchaguzi wa majira una sababu zake za kimaisha: mavuno yamekwisha kuingizwa ghalani, chakula kipo, na kumbi ya matawi na nyasi hainyeshewi.

Katika muda huo ndipo makishi hutoka. Kwa mujibu wa imani ya wenyeji, hao ni wahenga waliofufuka kutoka makaburini ili kuwalinda wari na kuwatisha wasiohusika. Kinyago hutengenezwa kwa kiunzi cha vijiti kilichofunikwa nguo ya magome, kikapakwa utomvu mweusi na kuchorwa kwa rangi nyekundu na nyeupe. Vingine huchongwa kwa mti. Mwili wa mchezaji hufunikwa wote kwa vazi la nyuzi zilizofumwa, hata vidole visionekane. Chikunza, mwenye kilele kirefu chenye pete pete mfano wa pembe ya paa, ndiye mkuu wa mukanda na huhusishwa na uzazi na uwindaji. Chihongo huwakilisha uwezo na utajiri wa kichifu. Pwo ni mama wa kale, ingawa anayemchezesha ni mwanamume. Makishi wakali hukimbia vijijini wakiwa na fimbo au panga, na wanawake na watoto huwakimbia kwa kelele.

Kelele hizo ni sehemu ya mambo yaliyopangwa. Mama ambaye mwanawe yuko kumbini ana hofu ya kweli, kwa maana tohara ilikuwa na hatari zake na wapo watoto ambao hawakurudi. Lakini mbele ya kinyago mama huyo anatakiwa pia kuonyesha kwamba hajui kuna mtu ndani yake, hata kama mwendo wa mchezaji unamfahamisha kuwa ni shemeji yake. Victor Turner, aliyefanya utafiti kwa Wandembu wa Rhodesia ya Kaskazini katika miaka ya 1950 na kuandika kwa kirefu juu ya mukanda, alionyesha jinsi desturi hiyo inavyomtenganisha mtoto na upande wa mama na kumwingiza katika jumuiya ya wanaume. Kinyago ndicho chombo cha kutenganisha huko. Hofu humfukuza mwanamke kwenye njia ya kumbi, na humfunga mvulana ndani yake.

Jambo la muhimu kwa hoja ya makala haya ni mwisho wa hofu hiyo. Mvulana aliyekuwa akimkimbia likishi mwaka uliopita sasa anamwona likishi akivua uso. Anagundua kwamba zimwi lililomtisha lilikuwa mtu wa ukoo wake, lililomjua kwa jina tangu alipozaliwa. Siku ya kutoka, wari huonyeshwa hadharani wakiwa wamepambwa, hucheza mbele ya mama zao, na kumbi huchomwa moto. Aliyeogopa amekuwa mwenye siri, na siku moja atakuwa mwenye kutisha. Hofu, kwa maneno mengine, ina mlango wa kuingilia na wa kutokea, na funguo za milango yote miwili ziko mikononi mwa jamii yenyewe.

Inafaa kuongeza kwamba miongoni mwa vinyago vya Wachokwe yumo Katoyo, mgeni wa kuchekesha, ambaye mara nyingine alifanywa Mzungu. Hata mtawala aliweza kuingizwa katika duara la ngoma, akapewa uso wa magome na kuchekwa. Mwaka 2005 UNESCO iliyatangaza maigizo ya makishi, kwa upande wa Zambia, kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, na mwaka 2008 yakaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika. Mipaka ya nchi haikuwahi kuwa mipaka ya makishi, na upande wa Lualaba ni sehemu ya urithi uleule.

Mzee wa zawadi na mchapaji wake

Wabelgiji walipokuja Katanga walikuja na kalenda yao. Katika nchi yao, usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba Mtakatifu Nikolasi, askofu mwenye ndevu nyeupe na fimbo ya kiaskofu, huwatembelea watoto. Huaminika kuwa ana kitabu kikubwa kilichoandikwa matendo ya kila mtoto kwa mwaka mzima. Mwema hupewa peremende na vinyago vya kuchezea. Mtundu hukabidhiwa kwa yule anayemfuata nyuma.

Huyo wa nyuma ana historia zaidi ya moja. Kwa wasemaji wa Kifaransa anaitwa Père Fouettard, yaani Mzee Mchapaji. Hadithi moja inamfanya kuwa muuza nyama aliyewachinja watoto watatu, ambao Nikolasi aliwafufua, kisha mwuaji akahukumiwa kumtumikia askofu milele. Hadithi nyingine inamhusisha na mji wa Metz wakati ulipozingirwa na majeshi ya mfalme Karolo wa Tano mwaka 1552. Uso wake umepakwa masizi. Kwa wasemaji wa Kiholanzi nafasi hiyo imeshikwa na Zwarte Piet, maana yake Petro Mweusi. Sura yake inayojulikana leo ilienezwa na kitabu cha watoto alichokitoa mwalimu wa Amsterdam, Jan Schenkman, mwaka 1850. Katika kitabu hicho mtumishi wa askofu ni mtu mweusi. Ikumbukwe kuwa Uholanzi ilipiga marufuku utumwa katika makoloni yake ya Amerika mwaka 1863, yaani miaka 13 baada ya kitabu hicho kutoka.

Kitisho hiki nacho, kikitazamwa ndani ya jamii yake, kilikuwa zimwi lijualo. Aliyejipaka masizi alikuwa jirani au mjomba, na mtoto alipokua alikuja kuujua ukweli kama vile mwari wa mukanda. Kwa hiyo Père Fouettard wa kijiji cha Ubelgiji na Chikunza wa kijiji cha Lualaba wanaweza kuwekwa katika fungu moja: wote ni hofu yenye mwisho. Tofauti ilianza pale kiumbe hicho kiliposafirishwa. Ubelgiji, weusi wa mtumishi ulikuwa rangi ya kuoshwa jioni. Katanga, ulikuwa rangi ya wafanyakazi wote wa machimboni, wapishi wote wa majumbani, na watoto wao. Picha ya mzee mweupe mwenye zawadi na kitabu, akifuatwa na mweusi mwenye fimbo na gunia, haikuwa tena ndoto ya mtoto. Ilifanana mno na mpangilio wa kazi wa kila siku, ambapo mweupe aliandika na kugawa, na mweusi aliyepewa cheo kidogo aliwachapa weusi wenzake.

Huko Ulaya kwenyewe jambo hili lilichukua muda mrefu kukubaliwa. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi wa Rangi iliitaka Uholanzi iondoe sifa za kibaguzi katika umbo la Zwarte Piet, na tangu hapo miji mingi imebadilisha mapambo yake. Mtoto wa Katanga angeweza kuliona tatizo hilo miongo mingi mapema.

Kampuni kama baba

Kitabu cha Nikolasi kilikuwa na mwenzake katika ukanda wa shaba. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwanzoni ilitegemea vibarua wa muda mfupi, ambao walikufa kwa wingi kwa maradhi ya makambini au kutoroka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili sera: iliwapa wafanyakazi mikataba ya miaka mitatu, ikawaruhusu kuishi na wake na watoto, na ikajenga hospitali, zahanati za watoto wachanga na shule zilizosimamiwa na wamisionari Wakatoliki. Reli ya kutoka Tenke hadi Dilolo, iliyokamilika mwaka 1931, ilipita katikati ya nchi ya makishi, na mwaka 1937 mji wa Kolwezi ukaanzishwa kuwa makao ya machimbo ya magharibi.

Kwa sera hiyo kampuni ilijifanya baba. Iligawa posho kwa hesabu ya vichwa vya familia, ilipima uzito wa watoto, iliandika ndoa, vizazi na utoro. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, ameuchunguza ubaba huo kwa kina, na kitabu chake cha mwaka 2001 kinawaita watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Kampuni ilimjua mfanyakazi wake pengine kuliko mtawala yeyote aliyetangulia. Lakini ilimjua kwa karatasi.

Lugha yenyewe inatoa mfano wa kutafakari. Kwa Wachokwe na Waluvale mukanda ni jando. Katika Kiswahili cha Katanga neno mukanda lina maana ya barua au karatasi iliyoandikwa. Si lazima matumizi hayo mawili yawe na asili moja. Linalotosha ni kwamba katika mji mmoja neno moja lilitaja njia mbili za kujulikana. Katika mukanda wa kwanza mtu hujulikana na watu waliomlea. Katika wa pili hujulikana na ofisi.

Mpaka wa ujuzi huo wa pili ulidhihirika katika mwezi uleule wa sikukuu. Mwanzoni mwa Desemba 1941, bei za vitu zikiwa zimepanda kwa sababu ya vita na ujira ukiwa umebaki nyuma, wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 Desemba, siku tatu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, wagomaji walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira wa Lubumbashi. Askari waliwafyatulia risasi. Makumi ya watu waliuawa, akiwamo msemaji wao, karani Léonard Mpoyi. Wote walikuwa wameandikwa katika madaftari ya kampuni. Baba aliyejua idadi ya watoto wao hakuzuiwa na ujuzi huo.

Mutumbula, zimwi lisilo na uso

Katika mazingira hayo ndipo inapofaa kuzisoma habari za mutumbula, kwa wingi batumbula, zilizoenea Katanga na Kasai wakati wa ukoloni. Ilisimuliwa kwamba watu hukamatwa usiku njiani, hufichwa, hunoneshwa, kisha huliwa na Wazungu. Katika masimulizi mengine waliokamatwa hugeuzwa kwanza kuwa wanyama, kama vile nguruwe. Wakamataji walikuwa Waafrika waliolipwa kwa kazi hiyo. Huko Katanga walaji hao waliitwa pia simba bulaya, yaani simba wa Ulaya, na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliwatia katika mfululizo wa picha za historia ya nchi yake alizomchorea Johannes Fabian katika miaka ya 1970. Tshibumba, aliyezieleza picha zake kwa Kiswahili cha Katanga, aliwaweka simba hao ndani ya historia, pamoja na wafalme, wapelelezi na vita.

Masimulizi haya yana ndugu katika eneo lote la Kiswahili na majirani zake. Pwani kuna mumiani, neno ambalo kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalieleza kuwa ni dawa nyeusi mfano wa gundi, na ambalo katika vinywa vya watu lilikuja kuwa jina la wanyonya damu. Nairobi na Kampala waliogopwa wazimamoto. Rhodesia ya Kaskazini waliogopwa banyama. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, aliyakusanya masimulizi hayo na kutoa hoja kwamba yachukuliwe kuwa ushahidi wa kihistoria wa jinsi watu walivyoielewa kazi, tiba na mamlaka ya kikoloni. Kabla yake, mwaka 1975, Rik Ceyssens alikuwa amemwita mutumbula kisasili cha anayeonewa.

Wapo waliodai kwamba huo ulikuwa ujinga wa watu wasiofahamu sindano ya daktari na nyama ya makopo. Dai hilo halitoshelezi. Watu waliosimulia habari za mutumbula waliishi mjini, walitibiwa hospitalini, na wengi walifanya kazi jikoni mwa Wazungu. Walikijua kilichomo ndani ya makopo. Walichokosa ni jambo ambalo makishi alikuwa nalo: mwisho. Mutumbula havui uso. Hakuna siku ya kutoka kumbini, wala kumbi ya kuchomwa. Anayekamatwa hajulikani kwa ukoo. Thamani yake ni uzito wake, kama vile mtoto wa kambini alivyopimwa na mfanyakazi alivyohesabiwa kwa nguvu za mwili wake. Unoneshaji wa mutumbula na posho ya kampuni ni jambo moja lililotazamwa kutoka pande mbili.

Hapa ndipo methali iliyotangulia inapopata marekebisho. Haitoshi kusema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Inabidi kuuliza linakujua kwa njia gani. Chikunza alimjua mvulana kwa sababu angekuja kukaa naye baraza moja. Kampuni ilimjua baba wa mvulana huyo kwa namba. Masimulizi ya mutumbula yalikuwa hukumu ya wananchi juu ya ujuzi wa aina hii ya pili: kwamba anayekulisha kwa kipimo na kukuandika kwa uangalifu huenda anakunonesha.

Hitimisho

Historia ya baadaye haikuibatilisha hukumu hiyo. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na Gécamines, iliyorithi machimbo yake, ilirithi pia ubaba wake: shule, hospitali na mgao wa chakula. Kolwezi ilipitia vita vya mwaka 1978. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ilibomoka na uzalishaji wa shaba ukaporomoka. Kufikia mwaka 2003 kampuni iliwaondoa kazini wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa hiari. Majina yao yalifutwa kwenye daftari, na pamoja nayo haki ya watoto wao ya kusoma na kutibiwa. Baba alikifunga kitabu.

Mambo matatu yanajitokeza katika uchunguzi huu. Kwanza, hofu ya sikukuu si kitu cha Ulaya peke yake. Lualaba ilikuwa nayo katika majira yake yenyewe ya baridi, na ilikuwa shule. Pili, kiumbe cha kutisha hakisafiri bila kubadilika: mchapaji mweusi wa Desemba alipofikishwa kwa watu weusi alikoma kuwa mchezo. Tatu, masimulizi ya batumbula hayafai kuachwa katika fungu la uvumi. Ni sehemu ya fasihi simulizi ya Kiswahili cha Kongo, na yanastahili kukusanywa na kusomwa pamoja na ngano za mazimwi za pwani, maadamu wazee waliozisikia makambini wangali hai. Kwa mtoto wa Kolwezi wa miaka ya 1940, zimwi la magome lilikuwa na kaka ndani yake. Lile la madaftari halikuwa na mtu.